Madoa ya Jua Yaliyouzwa Machimboni

Mwaka 1980 jua lilikuwa na madoa mengi, na Mwalimu Theopista wa Ushirombo hakutaka yampite. Alikuwa na darubini ndogo aliyoachiwa na padre aliyerudi kwao Uholanzi. Hakuchungulia ndani yake, maana jua lingempofusha. Aliuelekeza mwanga kwenye karatasi nyeupe, jua likatokea pale, duara la upana wa kisosi, na madoa meusi kama punje za ulezi. Duara hilo ndilo alilolipiga picha. Filamu alimpelekea Onesmo, mwenye studio Kahama, amsafishie.

Mwezi Mei alikwenda kumjulia hali dada yake, Scolastika, aliyekuwa akiuza uji machimboni karibu na Kharumwa. Kwenye nguzo ya kibanda cha jirani akaiona picha yake. Ilikuwa imepakwa damu ya kuku, nzi wameifunika, inanuka.

"Hii ya nini?" aliuliza.

"Ramani," alijibu Nkwabi, mchimbaji mwenye kibanda. "Onesmo wa Kahama katuuzia. Kila doa ni mahali penye dhahabu. Kwenye hili kubwa tulichimba sisi, shimo likaporomoka. Mwenzetu, Januari, tulimtoa amekufa."

Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko safi, usio wa Theopista: *Imethibitishwa na Mwalimu Theopista*.

Theopista alizunguka nyuma ya kibanda akatapika.

Wiki iliyofuata alirudi na darubini. Nkwabi alishika karatasi, na jua lilipotokea juu yake akalilinganisha na picha, mara mbili, mara tatu.

"Hayafanani."

"Jua linajizungusha, kaka. Madoa yanahama, mengine yanafutika. Hayaonyeshi kitu chochote cha huku chini."

Nkwabi aliikunja ile picha akaitia mfukoni. Kisha akasema, "Twende Kahama."

Onesmo aliwapokea akitabasamu, ananukia poda, nywele zimepakwa mafuta.

"Shikamoo, mwalimu. Umeleta madoa mapya? Watu wa Geita wananisumbua."

"Kuna mtu amekufa, Onesmo."

"Machimboni watu wanakufa kila siku," alisema kwa upole, kama anayemliwaza. "Jina lako linaaminika, mwalimu. Tungegawana."

Akamshika bega. Theopista aliutoa ule mkono kwa vidole viwili, kama anayeokota panya aliyeoza, akaenda na Nkwabi moja kwa moja polisi. Onesmo alifungwa miaka miwili. Watu walimpongeza Theopista.

Kilichobaki ni Limi, mjane wa Januari. Theopista alimwendea akamweleza yote, naye akamsikiliza mpaka mwisho, mtoto akinyonya.

"Na wewe, mwalimu, ulikuwa unayatafutia nini hayo madoa?"

"Nilitaka kuyajua tu."

Limi alimtazama, akageuza uso, akatema mate pembeni. Theopista hakumlaumu. Alitamani kutema yeye pia.