Radhi Niliyomnyima Bakary

Watu wa Kivinje husema mimi, Kazija binti Ahmadi, nina roho ngumu, eti nilimnyima radhi ndugu yangu wa tumbo moja. Kweli nilimnyima. Wanaosema wakae chini niwaeleze, maana mdomo wanao lakini habari hawana.

Mwaka ule vita vya maji vilikuwa vimekwisha, njaa ndiyo imeshika. Kazi yangu ilikuwa kuwasimamia wajane wanaokaa eda, na nyumbani nilikuwa nao wawili katika chumba kimoja. Siti alikuwa mke wa Mfaume, askari wa Mdachi. Mfaume alipokufa, mkewe alitolewa kambini siku ya nne, chumba kinatakiwa na mwingine. Ziada alikuwa mke wa Yunusu, mkulima wa Kiranjeranje. Kijiji chao kilichomwa moto wakakimbilia mjini, hata nyumba ya kukalia eda hakuwa nayo. Waume wote wawili walijiua, wamepishana wiki mbili. Mji mzima ulinong'ona. Minong'ono hiyo niliifukuza mlangoni pamoja na kuku.

Mwanzoni hawakusemezana. Ziada alimwona Siti mke wa mchoma maghala ya chakula vijijini, na Siti akisema mumewe alitumwa, hakujituma. Nikawaambia, "Nyie, msiba wenu mmoja, mnagombania nini? Anayetaka ugomvi akagombane na Mdachi." Wakanyamaza. Lakini miezi minne na siku kumi ni mingi, na chumba kilikuwa kidogo. Siku moja Ziada akaanza mwenyewe kusimulia.

Alisema Yunusu ndiye aliyewashika mkono wadogo zake wawili akawapeleka kunywa dawa ya maji, risasi isiwaingie. Ikawaingia. Toka hapo hasemi, na kula mpaka abembelezwe. Siku ya Idi akagawa mbegu zake zote za mtama, na mvua imekaribia. Kisha akamwambia mkewe, "Niwie radhi." Idi kila mtu anaomba radhi, Ziada ashtuke nini? Akamjibu, "Nimekuwia radhi duniani na akhera." Siku ya tatu Yunusu akawa hayupo.

"Wangu hakunyamaza," Siti akasema. "Aliporudi kutoka Milola alikuwa anacheka mno, hata peke yake. Usingizi hana. Anasugua mikono kwa mchanga, anasema inanuka moshi. Halafu siku moja akaamka ametulia, akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Askari akihamishwa ndivyo anavyoaga. Watu wakasema, eh, Mfaume anapelekwa Lindi. Hata mimi nilimuuliza nimfungie chakula gani cha njiani."

Wakatazamana. Mmoja aliacha kusema, mwingine aliacha kulala. Mmoja aliumwa na watu aliowapoteza, mwingine na watu aliowachomea. Lakini mwisho wote wawili waliomba radhi, wakapewa, wakatulia.

"Nikadhani amepoa," Ziada akasema, akalia.

"Hamkuwaua nyinyi," nikawaambia. "Kusamehe ni jambo jema. Nani angejua?" Nilisema kwa ukali, kwa sababu na mimi nilikuwa nataka kulia.

Haikupita wiki mbili, Ijumaa baada ya alasiri, akaja mdogo wangu Bakary. Naye alikuwa askari, kikosi kimoja na Mfaume. Wajane wakaingia ndani ya pazia, Bakary akakaa ukumbini. Amenyoa, uso wake mkunjufu, sijamwona hivyo tangu vita. Nikafurahi, mjinga mimi! Akanipakatisha tasbihi ya marehemu baba, aliyoirithi yeye.

"Kaa nayo wewe, dada. Na uniwie radhi kwa yote niliyokukosea."

"Unasafiri?"

"Hapana."

"Basi nimeku—"

"Usimpe!" Ziada akapiga kelele ndani ya pazia. "Bi Kazija, usimpe!"

Mwanamke wa eda kumpazia sauti mwanamume wa kando! Siku nyingine ningemkaripia. Siku ile nilitazama tasbihi mapajani, nikakumbuka mbegu za Yunusu.

"Sikupi," nikasema.

"Dada!"

"Sikupi. Bakary, unataka kujiua?"

Aliinama.

"Ndiyo, dada," akasema. "Nimechoka. Lakini nisife huna radhi na mimi."

"Basi usife. Leo unalala hapa. Kesho nitakuambia ulinikosea nini."

Kesho yake nikamwambia alinivunjia mtungi tukiwa watoto. Kesho kutwa, kwamba hakuja kwenye harusi yangu. Siku ya tatu nikatafuta kosa, nikakosa, nikatunga. Wajane walikuwa wananinong'oneza mengine kutoka ndani, waongo wakubwa wale. Mchana alikwenda zamu, jioni nilimfuata mwenyewe kambini kumchukua, wenzake wakicheka. Nami nikawaambia wamwangalie, wasimwache peke yake. Siku ya tisa Bakary akafoka, "Wewe dada una roho ya mamba!" Nikashukuru Mungu. Mtu huyo hakuwa amekasirikia kitu kwa miezi.

Baada ya kufoka ndipo akasema. Alisema habari za maghala ya Kiranjeranje. Alisema mwanamke mmoja alilishika kapu la mtama hakutaka kuliachia, na kapu lile alilichoma yeye, kwa mkono wake, mwanamke anatazama. Alilia, na mimi nikalia naye.

"Hilo hukunikosea mimi," nikamwambia. "Hilo ukawaombe wenyewe."

"Nitawapata wapi? Kiranjeranje hakuna mtu."

Siti akaniambia baadaye kwamba Ziada aliuma upande wa kanga yake mpaka ukachanika. Kisha tukamsikia.

"Mimi ni wa Kiranjeranje."

Bakary akapiga magoti sakafuni, ameelekea pazia. Akaomba radhi kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu utoto. Niliogopa Ziada atasamehe, na niliogopa atamlaani.

"Sikuwii radhi," akasema. "Eda yangu ikiisha nitarudi kwetu. Wewe ukimaliza mkataba wako, uje ulime. Mwaka ujao utaomba tena."

Bakary alikwenda. Mdachi mwenyewe keshaondoka, na Bakary amelima kule mvua kumi na mbili sasa. Kila Idi anamwomba Ziada radhi, na kila Idi Ziada anamwambia bado.