Shoti za Almasi

Kila alfajiri, umande ukiwa bado majanini, Abbasi, fundi wa farasi, aliishika miguu ya Almasi mmoja mmoja, akitafuta joto. Farasi wa miaka miwili akipata joto gotini hana mbio tena. Akisharidhika, alifunga tandiko na kumkabidhi Limbu hatamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nenda naye polepole mpaka kwenye mto mkavu. Kuanzia hapo, mwachie."

Almasi alikuwa mali ya Narendra, muuza vitambaa wa mjini Tabora, aliyemleta kwa treni ili ashindane sikukuu ya Desemba. Mazoezi yalifanyika kwenye njia ya zamani ya misafara, kwa kuwa miguu ya wapagazi ilikwisha kuishindilia ikawa ngumu na sawa. Njia hiyo ilikatisha Itundulu, kijiji alikozaliwa Limbu. Itundulu hakikuwa na watu tena. Mwezi Agosti mwaka ule wa 1974, mgambo waliwapakia wote kwenye malori, kisha wakazichoma nyumba. Limbu, mkewe Josepha na mtoto wao mchanga walikuwa wakilala chini ya turubai katika kijiji kipya kando ya barabara kuu, na mvua zilikuwa karibu.

Wiki ya tatu ya mazoezi, Limbu alirudi, akashuka, akasema nyumba za Itundulu zilikuwa zikisimama nyuma ya farasi.

"Ametumia muda gani?" Abbasi aliuliza.

"Sikuangalia saa, mzee. Niligeuka nyuma."

"Mpanda farasi hageuki nyuma."

Kesho yake Abbasi alikwenda kujionea. Almasi alipita kwa shoti, na pale mkia ulipopita kuta ziliinuka kutoka kwenye majivu, nyasi zikapanda paani, mlango ukaja mwisho. Zilikuwa nyumba saba. Ya nane ilibaki na ukuta mmoja, kwa sababu farasi alikuwa amepunguza mwendo. Abbasi alimpapasa magoti, akayakuta baridi.

"Kesho mwongezee hatua mia mbili," alisema.

Ijumaa Josepha alikuwa ameshakoka moto jikoni kwake Itundulu.

Jumamosi ilifika Landrova ya Elieza, mkuu wa operesheni ya kuhamisha watu. Mgambo walimtoa Josepha na mwanawe, wakachoma. Jumapili Almasi alikimbia na nyumba zikasimama. Wakachoma tena. Jumatatu zikasimama. Mara ya nne mgambo waliishiwa viberiti. Elieza alikwenda dukani kwa Narendra, akakataa chai.

"Ndugu Narendra, farasi wako anarudisha watu nyuma."

Narendra alishika ukingo wa meza. Jirani yake wa kushoto alikuwa ameshafunga duka na kuihama nchi. "Tutamfungia bandani, bwana."

"Umfungie kwa nini? Mleteni akimbie kule kwenye kijiji kipya. Kuna familia mia moja na ishirini hazina nyumba."

Abbasi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema ardhi ya kule ilikuwa ya mawe, na goti la mnyama halijakomaa. Tena, Almasi hajengi. Anasimamisha kilichowahi kusimama.

"Fundi Abbasi," Narendra alisema bila kumtazama, "funga tandiko."

Kwenye kijiji kipya watu walipangwa mistari miwili. Limbu alipanda. Mzunguko wa kwanza hakikuinuka kitu, wa pili vilevile. Elieza alizungusha kidole hewani: tena. Katika mzunguko wa tatu Abbasi aliona mguu wa mbele wa kushoto ukianza kuchelewa.

"Mshike, Limbu! Mshike!"

Limbu aliyatazama mawingu meusi, akamtazama Josepha aliyesimama na mtoto mgongoni. Hakumshika. Alimchapa farasi kwa mara ya kwanza tangu amfahamu.

Ndipo zikainuka. Nguzo za mninga, nene kama mapaja, zilizokaribiana hata mkono usipite. Paa refu likafuata, kisha mlango mmoja wenye komeo upande wa nje. Kila nguzo ilikuwa na pete ya chuma. Almasi alisimama kwa miguu mitatu.

Abbasi alipafahamu mahali pale kwa masimulizi ya bibi yake. "Hii ilikuwa kambi ya misafara," alimwambia Elieza. "Humu walifungwa watu waliokuwa wakipelekwa pwani kuuzwa."

Elieza alisukuma nguzo moja kwa bega. Haikutikisika. "Ni imara," alisema. "Familia zote zitaenea?"

Zilienea. Abbasi alimwongoza Almasi kurudi mjini, farasi akichechemea, hatua kumi na kupumzika. Limbu alitaka kumfuata, lakini jina lake lilikuwa limeshaitwa. Yeye na Josepha walipewa nguzo ya kumi na nne. Josepha alitundika nepi za mtoto kwenye pete, akakalia mkeka. Limbu aliketi karibu yake na kuificha mikono yake katikati ya magoti.

Jioni mvua ilianza kunyesha. Mgambo walisukuma komeo kwa nje. Paa halikuvuja.