Taa ya Baba na Saa ya Ukutani

Saa kumi na moja kamili jioni, Jumapili tarehe 9 Novemba, vipaza sauti vya mji vilipiga wimbo wa kuwaita watoto warudi nyumbani. Saa ya ukutani sebuleni kwa mama ilionyesha kumi na moja kasoro dakika ishirini.

"Umeona, Kaka?" dada yangu Chizuru alisema. "Mwezi huu basi la hospitali limemwacha Mama mara tatu. Mtu wa hivyo haishi peke yake." Fomu ya makao ya wazee ilikuwa imeshajazwa. Ilibaki sahihi yangu.

"Basi linamwacha kwa sababu anaifuata hiyo saa."

"Hiyo saa inajirekebisha yenyewe. Baba alituchosha kwa kuisifu."

Ni kweli. Saa hiyo hupokea wakati sahihi kwa mawimbi ya redio mara kadhaa kwa siku. Marehemu baba, dereva wa treni kwa miaka thelathini na moja, aliijaribu kwenye kila ukuta wa nyumba. Kwa sababu ya mlima ulio nyuma yetu, ukuta mmoja tu ulipata ishara. Sasa chini ya saa hiyo ipo madhabahu ya nyumbani yenye picha yake, na taa ndogo ya umeme inayowaka mchana na usiku.

Mimi ni mkaguzi wa mita za umeme. Nilibadilisha betri, haikusaidia. Nikabonyeza kitufe cha kupokea ishara. Kijitaa chekundu kilipepesa kwa dakika kumi, mishale ikarudi palepale. Ndipo nikachomoa plagi ya taa ya madhabahu. Baada ya dakika saba mishale ilizunguka ikasimama kwenye wakati sahihi. Nilirudia jaribio mara mbili, jibu likawa lile lile. Taa ikiwaka, adapta yake huchafua ishara, na saa husoma dakika vibaya.

"Taa hii uliinunua wewe," nilimwambia Chizuru.

"Niliogopa mishumaa. Angeunguza nyumba. Basi izimwe."

Mama aliingia na chai. "Izimwe? Baba yenu akae gizani ili mimi niwahi basi? Nitatembea."

"Kilomita nane, Mama?"

"Nina miguu mimi. Nyinyi ndio mna magari." Alinionyesha kalenda ya jikoni. Kila wimbo ulipopigwa aliandika saa imekosea dakika ngapi. "Leo naongeza ishirini, kesho yake kumbe ni arobaini. Nitajuaje?"

Hesabu ilikuwa safi. Tangu taa iletwe, mwanzoni mwa Agosti, hapakuwa na siku isiyo na kosa isipokuwa tatu: 17 Agosti, 17 Septemba, 17 Oktoba. Sifuri. Baba alifariki tarehe 17 Juni.

"Siku hizi tatu uliizima taa, Mama?"

"Sijaizima hata mara moja. Anaizima mwenyewe." Alikuwa akimimina chai. "Si unamjua baba yako? Hakupenda kuchelewa."

Chizuru alinivuta hadi ukumbini. "Sasa maneno hayo nayo ni ya saa mbovu? Weka sahihi, Kaka."

"Ngoja tarehe 17."

"Tuone nini?"

"Kama Mama ndiye anayeizima na kusahau, nitaweka sahihi siku hiyo hiyo."

Jumatatu tarehe 17 saa ilikuwa imechelewa dakika ishirini tena. Yenyewe hutafuta ishara mishale ikifika saa kumi alasiri, yaani saa kumi na dakika ishirini kwa wakati wa kweli. Tulikaa mbele ya madhabahu, simu yangu yenye wakati sahihi ikiwa mapajani. Dirishani tulimwona mama uani, mikono yote miwili juu, akitundika figili zikauke.

Saa kumi na dakika kumi na tisa taa ilizimika.

Plagi ilikuwa mahali pake. Jokofu liliendelea kunguruma. Nilipima soketi: volti mia moja na moja, umeme wa kawaida wa kwetu.

"Mama yuko wapi?" Chizuru alinong'ona.

"Uani. Si unamwona?"

"Namwona, Kaka. Ndiyo maana nakuuliza."

Saa kumi na dakika ishirini kijitaa chekundu cha saa kilianza kupepesa. Saa kumi na dakika ishirini na saba mishale ilizunguka ikasimama. Nililinganisha na simu: hapakuwa na tofauti hata ya sekunde moja. Nje mama alikuwa ameinamia kikapu, akichagua figili nyingine.

Saa kumi na dakika ishirini na nane Chizuru aliichana fomu.

Saa kumi na dakika ishirini na tisa taa iliwaka.