Kuku Aliyeatamia Vifungo

Mke wangu alipokwenda kumhudumia binti yetu aliyejifungua, aliniachia maagizo mawili. La kwanza lilinihusu mimi, akalimaliza kwa maneno mawili: usisahau kula. La pili lilimhusu kuku wake, na hilo alilieleza tangu anakunja nguo mpaka anapanda gari.

Kuku alikuwa ameatamia mayai kumi na moja na siku nane zilishapita. Tulimwita Mkaguzi, kwa jinsi anavyokutazama kwa jicho moja kana kwamba umeficha kitu.

"Kila asubuhi unamfungulia banda," mke wangu aliniambia. "Anatoka, anakula, anakunywa, anaoga vumbi. Dakika ishirini tu. Wewe unasimama hapo hapo unamngoja. Akisharudi juu ya mayai yake ndipo unafunga, maana paka wa jirani hana dini. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, sema."

Nikasema, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi, kinyozi kwa miaka thelathini, ambaye kutwa nzima nashika wembe karibu na masikio ya watu na hakuna aliyerudi kwao na sikio moja!

Sitaficha: nilimwonea wivu yule kuku. Lakini nilijua kwa nini alipewa cheo hicho. Mwaka uliotangulia kideri kiliingia uani kwetu, na ugonjwa huo ukiingia haubishi hodi. Ndani ya wiki moja ulifagia kuku kumi na tisa. Mke wangu aliwazika mmoja mmoja nyuma ya nyumba, akakataa nisishike hata jembe. Tangu siku hiyo hakukanyaga uani ila kwa kuanika nguo. Mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo, sasa aliamka kwa kuwa tu kumekucha. Nikisema tununue kuku wengine, anasema, "Wa nini?"

Mkaguzi peke yake ndiye aliyesalia. Asubuhi aliyokataa kutoka kwenye kiota, akawa anavimba manyoya na kudonoa kila mkono unaomsogelea, mke wangu aliingia mbio saluni kwangu, wateja wamejaa, akapaza sauti, "Ameatamia!" Kumbe jogoo wa jirani, asiyeheshimu ukuta, alishafanya kazi yake. Ilikuwa miezi mingi sijamwona mke wangu akicheka vile. Mayai yale yakiharibika, sikujua ningemrudisha vipi tena uani.

Basi nikawa mlinzi. Asubuhi nafungua, nasimama mikono nyuma, Mkaguzi anafanya mambo yake taratibu kama mwenye nyumba, kisha anarudi na mimi nafunga. Jioni simu inalia.

"Mkaguzi hajambo?"

"Hajambo. Na mimi pia sijambo."

"Ahaa, vizuri. Anakula lakini?"

Siku ya kumi na mbili ndipo nilipoharibu. Mimi nina ugonjwa wa kufunga milango. Saluni yangu ndicho chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kinyozi akiacha mlango wazi, upepo unampelekea nywele za watu hadi jikoni. Kwa miaka thelathini kila mlango ninaoupita nimeufunga, hata wa nyumba za watu. Asubuhi hiyo Mkaguzi anajigaragaza kwenye vumbi, mara nikasikia hodi ya mbele, bwana harusi, ana haraka, bibi harusi anamsubiri. Nikaondoka. Mkono wangu ukafunga banda wenyewe, na akili haikuwa na habari.

Baada ya bwana harusi akaja mwingine, na mwingine. Mashine inanguruma, redio inaimba. Saa sita mchana nilitoka kuanika mataulo nikaona banda limefungwa, kimya. Nikafungua. Kiota kitupu, mayai kumi na moja yako wazi. Nikagusa moja. Lilikuwa la baridi kama kopo la maji, na Mkaguzi haonekani uani wala ukutani.

Nikayakusanya kwenye aproni, nikaingia saluni natembea kama mtu aliyebeba bomu. Kwenye kiti alikuwepo mwalimu mstaafu, nusu ya uso povu. Kwenye benchi alisubiri mchukuzi wa magunia, mtu wa kifua kipana kuliko mlango. Nilikuwa na maji moto kwenye chupa, ya kukandia ndevu. Nikalowesha mataulo, nikayakamua, nikayajaribu shavuni kwangu mpaka yakawa vuguvugu, nikayafunga mayai. Lakini taulo hupoa upesi. Mtu hapoi.

"Mwalimu," nikasema, "naomba mapaja yako."

"Kwa matumizi gani?"

Nikamweleza. Akainua shuka ya kunyolea, nikampakatisha mayai sita na taulo lake. Matano nilimpa mchukuzi, akayaingiza ndani ya shati, akakaa wima, anapumua kidogo kidogo.

"Usicheke, Mwalimu, utayavunja."

"Miaka thelathini na nne nimewaambia watoto wasicheke darasani," akasema, povu linamtetemeka. "Leo ndio nimejua ni adhabu kubwa kiasi gani."

Kila taulo likipoa nabadilisha. Mteja mwingine akachungulia, akaona mwalimu amepakata kitu chini ya shuka na mchukuzi amejikumbatia, akasema atarudi kesho.

Kisha akaingia jirani yetu, fundi cherehani, mkono kiunoni.

"Shemeji, kuku wako yuko dukani kwangu tangu saa tatu. Kapanda kwenye kikapu cha vifungo, kaatamia. Nikitia mkono ananidonoa. Nina koti la mtu hapa halina kifungo hata kimoja, na mwenyewe anakuja saa nane!"

Nilitamani kumkumbatia. Nilimfuata mbio, nikamkuta Mkaguzi amevimba juu ya vifungo vyeusi vya koti, ana uhakika kabisa yataanguliwa makoti. Nilidonolewa mara nne kabla sijamtia kwapani. Nikamrudisha kiotani, nikamwekea mayai moja moja. Alilikagua kila moja, akanikagua na mimi, akakaa. La mwisho lilikuwa bado kwa mchukuzi, ambaye hakutaka kulitoa. Alidai limeshamzoea.

"Mkeo utamwambia?" Mwalimu aliniuliza, nikimalizia upande wa pili wa ndevu zake.

"Ya nini nimtie presha, na yuko mbali?"

"Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa, Mwalimu. Nina na mjukuu."

Jioni simu ikalia. "Mkaguzi hajambo? Hakukaa sana nje?"

"Alitoka kama kawaida," nikasema.

Na uongo ukishaufuga, unataka kulishwa kila siku. Jioni tisa nilisema hivyo hivyo, na kila jioni nilijiona mdogo zaidi.

Siku ya ishirini na moja mke wangu akarudi, kama alivyopanga. Alipita saluni na mizigo yake, akanisalimia huku anatembea, akaenda moja kwa moja bandani. Hakukuwa na kifaranga. Jioni hakukuwa na ufa. Kesho yake asubuhi aliinua yai, akaliweka sikioni, akasikiliza, akainua jingine. Kisha akaenda kuchukua ndoo.

"Viza," akasema. "Yote. Tukimwacha ayakalie atajimaliza bure."

Hakulia. Sura yake ilifungika, ile ile ya mwaka uliopita, na nikajua kwamba mwanamke huyu akimwaga ndoo ile hatarudi uani tena. Mimi ningeweza kunyamaza. Angemlaumu jogoo, au bahati yake, na mimi ningeendelea kuwa mume mwema. Yai la tatu likaingia ndooni. Nikaona siwezi.

"Weka ndoo chini, mke wangu. Nina la kukwambia."

Nikamwambia yote: bwana harusi, mlango, mapaja ya Mwalimu, kifua cha mchukuzi, vifungo, na jioni zangu tisa. Nilingoja kelele. Sikuzipata. Nilipata maswali, kama kwa hakimu.

"Yalikaa wazi muda gani?"

"Masaa matatu."

"Siku ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

"Mataulo yalikuwa ya moto?"

"Vuguvugu. Nilijaribu shavuni."

Akainama, akatoa mayai ndooni, moja, mawili, matatu, akayarudisha chini ya Mkaguzi.

"Yai likipoa, kifaranga anasimama kukua mpaka apate joto," akasema. "Anachelewa siku nzima, pengine na zaidi. Hesabu yangu ya leo ilikuwa ya mayai ambayo hayajapoa." Halafu akageuka, akanichapa mgongoni kwa kanga. "Alitoka kama kawaida! Jioni tisa! Mtu mzima na mvi zako!"

Kipigo kile nilikipokea kwa shukrani.

Alivuta kigoda, akakaa mlangoni pa banda kutwa nzima. Alasiri akaniita kwa sauti iliyonifanya niache kazi, mteja nusu kichwa. Aliniwekea yai sikioni. Ndani mlikuwa na mtu anagonga.

Mpaka kesho yake walikuwa tisa, lakini wa kwanza alitoka jioni hiyo hiyo, amelowa, mbaya wa sura, ana hasira na kila mtu. Mke wangu alimtia mkononi mwangu, akanifunga vidole taratibu juu yake.

"Ungenyamaza," akasema, "asubuhi hii ningewatupa wote wakiwa hai."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, kifaranga mkononi, nikalia, na mke wangu akanicheka mpaka akashika ukuta.