Filamu Nyeusi ya Marceline

Mzee Kangwa alipiga watu picha mtaani Kamalondo tangu ujana wake hadi simu zilipomnyang'anya wateja. Studio aliifunga, lakini negativu hakuzitupa. Zimejaa ndani ya makopo ya maziwa ya unga chini ya kitanda chake: mabwana harusi walioazima koti, watoto wa ubatizo, familia za Kimaniema zilizokuja kila Idi, akina mama mbele, kanzu nyuma. Mtajie mtu yeyote wa zamani, atakumbuka kwanza jinsi alivyokaa kwenye kiti.

Kwa hiyo mjukuu wake Gracia alipoingia asubuhi moja akiulizia filamu, mzee alivuta kiti karibu kwa furaha. Furaha haikudumu.

"Nkambo, uko na filme zenye kuharibika? Zenye kukuwa nyeusi yote?"

"Zenye kuharibika?" Mzee aliona kama ametukanwa. "Bibi yangu," akamwita vile babu humwita mjukuu, "miye sikukuwa naharibisha."

"Ata moja?"

"Ya kufanya nini?"

Gracia alikaa akamweleza. Alikuwa anamaliza masomo ya biokemia chuo kikuu, na kazi yake ilihusu utomvu wa mukuyu, ule mweupe kama maziwa. Ndani yake mna kimeng'enya, kitu kinachokata protini. Lakini protini ni nyingi. Alitaka kujua kinakata zipi na kinaacha zipi.

"Sasa utajua namna gani? Itakuambia?"

"Sikia, Nkambo. Achia mbuzi mu jardin. Kisha enda kuangalia: lengalenga imeisha, matembele imebakia nusu, pilipili haikuguswa. Haukuona mbuzi ikikula, lakini unajua ilikula nini. Miye njo nafanya vile. Nachanganya protini za nyama na utomvu, kisha napitisha mu mashine. Kila protini inaonekana kama mustari. Mustari wenye kupotea, njo protini yenye kukatwa."

"Basi tumia mashine, uache filme zangu."

Hapo ndipo penye taabu. Dawa za mashine hutoka mbali, na profesa hakutaka kumpa hata tone kabla hajaona kwamba utomvu wenyewe una nguvu. Njia ya haraka ya kumwonyesha ilikuwa ya kizamani. Filamu iliyoungua kwa mwanga huwa nyeusi kote, na weusi huo umeshikwa na jelatini, nayo jelatini ni protini. Dondosha utomvu juu yake: jelatini ikikatwa, weusi unaondoka na maji, mahali pale pakabaki peupe kama kioo. Hospitalini filamu zimekwisha, picha za mifupa siku hizi zinatazamwa kwenye kompyuta. Na negativu yenye sura za watu haifai, maana weusi wake haulingani.

"Sina," alisema mzee, haraka mno.

Gracia alimtazama kidogo, akamshukuru, akaondoka.

Uongo ule haukumkalia vizuri mzee. Filamu ilikuwepo. Moja, kubwa kama kiganja, ndani ya bahasha nyuma ya picha ya ndoa ukutani.

Marceline alikuwa msichana mgeni kutoka Kasomeno, amefikia kwa shangazi yake jirani na studio. Kangwa alimwomba akae mbele ya kamera. Akaja amevaa kitenge cha shangazi, akaweka mikono magotini, akafunga mdomo kabisa, kwa kuwa jino lake moja la mbele lilimpanda mwenzake. Kisha, kidole cha Kangwa kikiwa tayari kubonyeza, akacheka. Kangwa akakipata kicheko kile chote. Alikimbilia chumba cha giza, akaitia filamu kwenye dawa, na mara mlango ukafunguliwa wazi, jua la saa sita likaingia bila hodi.

"Nilishindwa kungoya," Marceline alisema pale mlangoni. "Nilitaka kujiona."

Baada ya ndoa alimpiga picha nyingi, lakini mbele ya kamera hakucheka tena vile. Ikawa mzaha wa nyumba. Mgeni akisifu picha za ukutani, Marceline humkatiza: "Hapana, photo yangu ya muzuri iko ile ya nyeusi. Bwana, leta ile!" Na Kangwa huileta kweli. Wageni waliigeuzageuza kwenye mwanga, na wenye adabu walisema ametoka vizuri.

Sasa Marceline hayupo, na hakuna anayesema iletwe. Mzee aliitoa filamu, akaiweka mapajani. Tone moja mahali pasipofaa, na kicheko kile kingeondoka na maji ya bomba. Anajua hakuna jicho la kukiona. Lakini kilipo anapajua.

Akaufikiria ule utomvu. Marceline alikuwa akiwaagiza wafanyabiashara wa Kasomeno wamletee chupa yake, akaupaka kwenye nyama ya mbuzi mzee hadi ikalainika kama ya mwanambuzi. Naye Gracia amekulia nyama hiyo. Anataka tu kujua ndani yake mna nini. Mzee alijaribu kupata picha kichwani, Marceline akimwambia mtoto huyo angoje nje ya mlango. Picha ilikataa kutoka.

Akavaa koti, maana chuo kikuu si mahali pa kwenda na shati tupu.

Maabarani Gracia aliitambua bahasha kabla haijafunguliwa. "Nkambo, hapana. Hii iko ya nkambo Marceline. Siwezi."

"Utaweza." Kidole chake kilipapasa kona yenye mikato midogo, ile inayomwambia mpiga picha gizani upande upi ni upi. "Angalia muzuri. Hapa juu iko kichwa. Hapa mikono. Usiguse! Weka hapa chini kabisa, ku ciment ya studio. Ile ciment haikukuwa inacheka."

Gracia alidondosha matone matatu kwenye ukingo wa chini: utomvu mbichi, utomvu uliochemshwa, na maji matupu.

"Yenye kuchemka ni ya nini?"

"Ile imekufa. Kama nayo inatoboa, basi nilijidanganya."

Wakafunika, wakangoja. Mzee aliuliza mara kwa mara kama bado, hata Gracia akamwambia sasa anajua ni nani kweli alishindwa kungoja mpaka filme ikaungua. Kisha akaipeleka kwenye bomba, akaishika kama yai. Palipodondoshwa maji pakabaki peusi. Penye utomvu uliochemshwa, peusi vilevile. Penye utomvu mbichi, weusi ukateleza kama masizi, pakabaki kidirisha cha mviringo.

"Inakata! Nkambo, inakata!" Wenzake waligeuka wote.

Mzee alipapasa kona, akahakikisha juu ni juu, akainua filamu kwenye mwanga wa dirisha. Akafumba jicho moja, lingine akalisogeza kwenye kidirisha. Ng'ambo alisimama Gracia na koti lake jeupe, mikono imelowa, anacheka, jino moja la mbele limempanda mwenzake.

"Usitikisike," mzee alisema, kwa sauti yake ya kazi.

"Nkambo, ile filme si kamera."

"Najua. Usitikisike."