Kilatini cha Uani Kwangu

Mwaka sabini na tatu mpangaji wangu, Mwalimu Filbert, alikuwa akifundisha watoto Kilatini uani kwangu, Msimbazi, ili waingie seminari. Siku moja Mwinyimvua, balozi wetu wa nyumba kumi, akaja kulifunga darasa.

"Bi Siwema, wanaimba lugha gani ya kikoloni?"

"Hiki kisomo cha watu wazima, Balozi, kile serikali ilichoagiza. Mwanafunzi mimi, watoto wananisindikiza tu."

"Haya, soma tusikie!"

Nikaacha vitumbua jikoni, nilikozoea kuwasikia wakiimba. "Amo, amas, amat. Napenda, unapenda, anapenda."

"Nani huyo anapenda?"

Nikamtazama Mwalimu, mgane wa watu. Akainamisha kichwa. Watoto wakaangua kicheko.

Darasa likabaki, ila balozi aliandika jina langu kwenye daftari la kisomo, akawa anakuja kunipa mtihani kila Ijumaa. Ikabidi Mwalimu anifundishe peke yangu. Sikulalamika.