Kobe Wawili wa Padri

Padri alileta magari matatu. Watu wa Karatu wakayaita Kobe kwa udogo na mwendo wake: viti viwili, injini kama ya pikipiki. La kwanza lilisombwa na maji korongoni. La pili akaachiwa bibi Blandina, mpishi wa padri. La tatu likaenda Oloipiri, kwa mzee Parmuat. Siku hizi hayatengenezwi tena, na spea hazipo.

La Blandina lilikufa giaboksi tangu msimu wa kupanda. Magoti yake hayauwezi mlima wa kanisani, na kuomba lifti kumemchosha. Akamtuma dereva wa basi kwa Parmuat: njoo tuongee habari za Kobe.

Parmuat akaja na vumbi mpaka kwenye kope, kibuyu cha maziwa mkononi. Njia nzima alikuwa amekipakata kisimwagike. Blandina aliliona hilo kabla hata ya salamu.

"Umeniletea giaboksi, baba?"

"Giaboksi?" Parmuat akacheka kichovu. "Bibi, mimi nimefuata injini! Yangu imekufa. Nikajua umechoka kuendesha, unaniita unipe."

"Kumbe tumekutana ombaomba wawili."

"Na Kobe wote wamelala."

Wakanywa chai. Blandina akauliza habari za Nalangu, mke wa Parmuat, aliyepooza miguu.

"Siku ya kliniki nambeba mgongoni mpaka barabarani," alisema Parmuat. "Ananiambia, punda wangu, mbona leo unapumua hivyo?"

Blandina akacheka. Akayasugua magoti yake. Yeye angalau anatembea, hata kama anasimama kila baada ya hatua chache. Akatazama uani, Kobe wake chini ya turubai, kuku akiwa ametaga kwenye kiti.

"Fungua injini," alisema. "Na taa, na tairi. Chukua vyote, abaki mmoja anayetembea."

Parmuat hakushukuru. Alifungua nati mpaka jioni, akapakia kwenye lori la mahindi. Kwao, aliyekupa ndama humwiti tena kwa jina lake; mnaitana Paashe, wewe na yeye, mpaka kufa.

"Kwaheri, Paashe," alisema.

"Sijakupa ndama mimi."

"Sasa umenipa nini?"



"Msalimie Nalangu," alisema Blandina. "Nenda salama, Paashe."

Lori likaondoka. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Blandina akaingia ndani polepole kutafuta fimbo.